Kisu Kilichokaa Juu ya Moshi

"Wewe unadhani vile visu anavifua yeye?" jirani yangu Mama Ezron aliniuliza. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti changu akimenya ndizi zake, maganda yakiangukia kwangu. "Vinatoka Ujerumani vile. Anavipata kwa wamisheni, anafuta alama kwa tupa, anavivika pembe ya ng'ombe, halafu anatuambia ni kazi ya mikono yake. Mlanguzi tu yule mzee."

"Nani kakwambia?"

"Mwe! Mpaka niambiwe? Kisu changu nilikinunua kwake mwaka juzi na sijakipeleka kunolewa hata mara moja. Mtu wa hapa Tukuyu atatengeneza kisu cha namna hiyo?"

Nikamtazama nikaona hajui kwamba amemsifu. Nikamhamishia mtoto titi la pili. Mimi nilijua ukweli kwa sababu ukuta wangu ulikuwa ukuta wake. Tulipanga chumba nyuma ya soko, mimi na mume wangu Gwamaka, ambaye alikuwa akifanya kazi kiwanda cha chai. Upande wa pili wa mbao zile ndiko Mzee Alawi alikokuwa na mifuo yake ya kupulizia moto na fuawe ya kufulia chuma. Mwanangu Lusungu alizaliwa akisikia nyundo ile. Siku za Ijumaa, mzee akienda msikitini na nyundo ikinyamaza, ndipo mtoto alipoamka na kulia.

Huyu Mzee Alawi ndiye ninayetaka kumwandika.

Babu yake alitoka Kilwa enzi za Wajerumani, akiwa fundi wa kutengeneza kufuli na bunduki zao, wakati Tukuyu ikiitwa kwa jina lao. Wajerumani wakaondoka, babu akabaki na nyundo zake. Alawi alizaliwa hapa hapa, akala ndizi za hapa, akanyeshewa na mvua yetu hii isiyojua kiangazi. Kinyakyusa chake ukikisikia ukiwa umefumba macho utadhani ni mzee wa kijijini kule Kinyala. Lakini kofia yake ilikuwa nyeupe kila siku, hata katika moshi ule, kwa kuwa mkewe, Bi Arafa, alikuwa nazo tatu na kila siku alifua moja.

Ukutani kwake alikuwa ametundika ubao wenye visu vitano, na mteja akija alimfundisha kwanza, atake asitake. Mimi nilikuwa napita na ndoo ya maji namkuta katikati ya somo.

"Hiki cha Mwingereza. Kimeandikwa Sheffield. Chuma kigumu, safi, mpini wa pembe ya paa wa kwao. Shilingi ishirini na mbili, ukikipata. Hiki cha Mjerumani, Solingen, mpini ni mpingo, na mpingo huo aliuchukua kwetu Kilwa akaurudisha umekuwa ghali! Siku hizi hakipo madukani. Hiki cha Mswidi, aliniachia mchungaji mmoja. Mpini ni mti mweupe, mwepesi kama kijiko, lakini kwenye mvua yetu unaota ukungu. Hiki cha Mchina, kimekuja na mambo ya reli. Shilingi nane. Mpini wa plastiki. Wengine wanakicheka, mimi sikicheki. Chuma chake ni laini, hakikai makali, lakini ukikinoa kwenye jiwe la mtoni kinarudi upesi. Mtu mwenye shilingi nane anunue hicho, aishi."

"Na hiki cha tano?"

Hapo alikuwa anakishusha, anakigonga kwa ukucha, na kisu kinalia sauti nyembamba inayokaa masikioni. "Hiki cha Alawi. Shilingi kumi na moja. Springi ya lori lililopinduka mteremko wa Kiwira. Mpini pembe ya ng'ombe wa hapa, umejazwa sandarusi, gundi ya miti ya pwani."

Mteja mmoja alimtania, "Springi ni ya lori la Mwingereza. Basi na kisu chako ni Mwingereza."

"Ukinunua unga Kiwira ukausonga nyumbani kwako, ugali ni wa Kiwira?"

Yule mteja alicheka, akalipa.

Mwaka ule ulikuwa wa sabini na nne. Watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na neno mlanguzi halikuwa neno la kuchezea. Maneno ya Mama Ezron yalitoka kwenye kizingiti changu yakafika sokoni, kutoka sokoni yakapanda gari mpaka kijiji cha Masukulu. Na Masukulu ndiko walikokuwa wanatafuta visu thelathini vya kupogolea chai ya kijiji. Bi Arafa aliniambia tukianua nguo, mvua ikianza. "Mama Lusungu, wakichukua vya dukani, na vijiji vingine vitafuata. Mume wangu atabaki mtu wa kunoa visu vya watu. Hilo litamuua kabla ya njaa."

Mwenyekiti wa kijiji kile akaja mwenyewe kuuliza. Jina lake sitaliandika, kwa sababu ni baba mkubwa wa Gwamaka, kwa hiyo ni mkwe wangu, na kwetu mwanamke hataji jina la mkwe, hamtazami, wala hasimami naye njia moja. Wako walioacha mambo hayo wanaposoma. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba na sijaacha. Nilipoisikia sauti yake nikafunga mlango, nikajitanda kanga kichwani hata ndani ya chumba changu mwenyewe, nikakaa kitandani na mtoto. Mambo yote niliyasikia kwa mbao.

"Ndugu Alawi," alisema, "wananiambia wewe ni Mjerumani."

"Rangi yangu inakuonyesha hivyo, Ndugu Mwenyekiti?"

Nilisikia watu wakicheka, kwa hiyo hakuja peke yake. Lakini mzee hakucheka. Alisema, "Kaeni." Kisha mifuo ikaanza kupumua. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi. Alifua kisu kizima wakiwa wamekaa pale. Nilisikia springi ikinyooka, nyundo nzito kwanza, kisha ile ndogo, kisha kile kilio cha chuma cha moto kikiingia kwenye mafuta, na harufu ikaja mpaka kwangu. Lusungu alilala muda wote. Adhana ya adhuhuri ilipoita, mzee alisema, "Kimekwisha. Alama ya Mjerumani nimeifuta saa ngapi?"

"Hukuifuta," alisema Mwenyekiti. "Hilo limekwisha. Lakini mimi sikuja kununua fitina wala kuuza. Wanawake na vijana wangu watapogoa eka nyingi. Nipe hicho. Na cha Mwingereza ninacho, kimo stoo ya kijiji. Na cha Mchina nitanunua dukani. Wiki mbili. Kitakachoshinda ndicho hicho."

Wiki mbili zile mzee alipiga nyundo kama kijana. Alikuwa na hakika. Kila aliyepita alimwambia, "Wanajipima na mimi," kana kwamba Mwingereza na Mchina wamepanga foleni mlangoni kwake. Hata mimi nilipochota maji nilitembea kama mtu wa ukoo wao.

Siku ya kurudi, Mwenyekiti hakuketi. Nilisikia kitu kikiwekwa juu ya meza, kikalia mara mbili, kama vitu viwili.

"Makali yako sijayaona kwa mtu mwingine, nasema kweli," alisema. "Cha Mwingereza kilikuwa kinakifuata kwa nyuma. Cha Mchina kilinolewa mara tatu kwa siku. Lakini siku ya kumi na moja, Atupokile, yule mke wa katibu, anapogoa, kikavuka: bapa likaruka, mpini ukabaki mkononi. Lingempata mguuni. Nitawapa wanawake kitu kama hicho? Cha Mwingereza hakikuvuka mpini. Cha Mchina hakikuvuka. Chako kimevuka."

Mzee Alawi, mwenye jibu la kila mtu, akasema kwa sauti ndogo, "Sandarusi haijawahi kuniangusha. Baba aliitumia, na babu pia."

"Basi safari hii imekuangusha, ndugu yangu. Pole."

Bi Arafa aliingia kwangu kwa mlango wa nyuma bila hodi. Machozi yalikuwa yanamtoka. Ameshika mpini mkono mmoja na bapa mkono mwingine. "Tazama alichofanyiwa mume wangu. Wameulegeza makusudi!"

Nilipokea ule mpini. Sikujua ninatafuta nini, ila nilipouleta karibu na uso nikakumbuka harufu ya jikoni kwa mama yangu. Nikaunusa tena. Nikaupitisha ukucha, ukucha ukatoka mweusi. Pembe ilikuwa imekauka mpaka imepata ufa mwembamba kama unywele, na ndani ile sandarusi ilikuwa imeyeyuka ikaganda upande mmoja.

"Bi Arafa," nikasema, "kamwulize Mwenyekiti kisu hiki walikuwa wanakiweka wapi."

"Muulize wewe, si yupo hapo!"

"Ni mkwe wangu."

Alinitazama, akafuta machozi, akaelewa. Akasogea kwenye mbao akapaza sauti. "Mwenyekiti! Kuna mtu anauliza kisu mlikuwa mnakiweka wapi!"

"Nani anauliza?"

"Mkweo!"

Nilisikia viatu vikisogea. Nadhani na yeye alikuwa anaugeuzia ukuta mgongo. Akasema kwa heshima sana, kama anazungumza na watu wa mbali, "Uambieni ukuta huo kwamba kilikuwa nyumbani kwa Atupokile. Alikichomeka kwenye mianzi juu ya mafiga, kwenye moshi, kama kila kisu cha nyumbani. Kikikaa chini si kitaota kutu na mvua hizi?"

"Na cha Mwingereza?" nikamnong'oneza Bi Arafa. Akapaza sauti, "Na cha Mwingereza?"

"Stoo, kwenye sanduku, kimefungwa karatasi."

"Na cha Mchina?"

"Kwenye gunia la mbolea. Nani atakiweka Mchina kwenye moshi wake?"

Watu wakacheka. Nikamwambia Bi Arafa maneno haya, naye akayapeleka moja moja kwa sauti kubwa, hata yale niliyotaka ayapunguze. Nilimwambia kwamba visu vile viwili viliwekwa kama wageni. Hiki kimoja kiliwekwa pale mtu anapoweka kisu chake mwenyewe. Moto wa kila siku umekausha pembe na kuyeyusha sandarusi. Mzee Alawi watu wake hawaweki visu juu ya moto, wana kabati, hakuweza kujua. Na cha Mwingereza kikae pale siku kumi na moja tuone.

Bi Arafa alipofika kwenye kabati akaongeza la kwake: "Tena kabati la mvule!"

Upande ule nikamsikia mzee akisema, "Ametundika kisu changu juu ya moshi wake." Akarudia tena, polepole. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imepata uti wa mgongo. Miaka yote ile watu walinunua visu vyake, na hakujua kwamba walivipa mahali pale pa kisu cha nyumbani, na mpini ukilegea waliufunga kamba tu bila kumwambia.

"Nipe mwezi mmoja," akamwambia Mwenyekiti.

"Upogoaji hausubiri mwezi. Siku kumi."

"Kumi."

Akaiacha pembe, akaiacha na sandarusi. Hilo peke yake lilikuwa kama mtu kuhama dini, Bi Arafa aliniambia. Alitafuta mti. Mkaratusi ulipasuka. Mparachichi ulikuwa laini. Mpingo kutoka Lindi ungekipandisha kisu mpaka shilingi kumi na saba, na nani Masukulu angelipa? Gwamaka ndiye aliyetaja visiki vya kahawa, vile vikongwe vinavyong'olewa watu wakipanda chai. Vilikuwa vinachomwa kuni, bure. Mzee alipasua kimoja, akakipiga randa, akapaka mafuta, na ule mti ukatoa rangi ya asali yenye mistari. Alinipitishia kipande mlangoni. "Mama Lusungu, shika. Mzito, eh? Haunywi maji. Umekaa miaka arobaini katika mvua hizi, moshi utaufanya nini?"

Na mkia wa chuma, ambao zamani uliishia katikati ya pembe, sasa aliupitisha mpaka mwisho wa mpini, mti huku na mti huku, akavibana pamoja kwa kugonga ribiti tatu za shaba. Gundi hakuweka hata tone. Kisha alinijia tena, kofia mkononi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akaniomba akichomeke juu ya mafiga yangu. Kikakaa pale siku sita. Nilipika maharage, nilipika ndizi, nilichemsha maji ya kumwogesha mtoto, na kila asubuhi yeye alikuja, akakishusha, akautikisa mpini sikioni kama mtu anayesikiliza yai, akakirudisha. Kilikuwa cheusi kama chungu. Hakikucheza.

Mama Ezron alikuja akakiona pale juu. "He! Na wewe umenunua Mjerumani?"

"Huyo ni mti wa kahawa ya Kinyala, Mama Ezron."

"Basi wamefundishwa na Wajerumani," akasema, akachukua kwenye kifuu moto aliokuja kuomba, akaenda.

Tulikwenda Masukulu Jumamosi, mimi na Bi Arafa, mtoto mgongoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai mpaka kiunoni. Nilisimama mwisho kabisa, nyuma ya wanawake, kanga usoni, na kila Mwenyekiti alipopita safu yetu niligeukia mlimani. Walikuwa wameleta visu vyote vitatu, na safari hii, kwa amri yake, cha Mwingereza nacho kilikuwa kimekaa wiki nzima juu ya moshi wa Atupokile. Kila mmoja alipewa mistari miwili ya chai ya zamani, yenye mashina kama kidole gumba.

Mzee Alawi hakupogoa. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akitazama si visu bali mikono ya watu.

Cha Mchina kilisimama kunolewa kabla ya saa nne. Cha Mwingereza kilikwenda vizuri, kilikwenda vizuri sana, mpaka yule kijana aliyekishika akasimama akakitazama. Ile pembe ya paa ilikuwa imenyanyuka upande mmoja, ikimfinya kiganja. Hakikuvuka, siwezi kudanganya, lakini alifunga kitambaa ndipo akaendelea. Na Atupokile, na kile cha kahawa, alikwenda tu. Shina linakatika kwa pigo moja, jeupe, limelala upande kama inavyotakiwa ili maji yasikae. Alimaliza mistari yake miwili, akaingia wa tatu bila kuambiwa. Wanawake wakaanza kumpigia vigelegele, mmoja akamwambia, "Mwachie na mwenzio, utatumalizia chai!"

Mwenyekiti akakichukua, akaupinda mpini kwa nguvu zake zote. Akampa Mzee Alawi mkono mbele ya kijiji chote. "Ndaga fijo, asante sana, Ndugu. Thelathini. Kwa kumi na moja yako?"

"Kwa kumi. Kisiki mlikuwa mnakichoma kuni, siwezi kuwauzia."

Mimi nilikuwa nimegeukia mlimani, lakini nilimwona Bi Arafa. Alikuwa amesimama kama mke wa waziri.

Jumapili nilikuwa nafua nepi nyuma ya nyumba, Mzee Alawi akaja na kikapu. Ndani kulikuwa na jozi thelathini za vipande vya mti wa kahawa, zimechongwa nusu. Akakiweka chini miguuni pangu, akavuta kigoda.

"Jana nilitazama mikono," akasema. "Yule Atupokile alishinda, lakini nilimwona anakunja vidole mara kwa mara. Mpini nimeuchonga kwa mkono wangu mimi. Ni mnene. Na wapogoaji wengi pale ni wanawake."

"Niliona, mzee."

"Uliona. Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unashinda."

Akacheka kidogo, akaupangusa uso kwa kofia. Kisha akatoa kwenye mfuko wa koti tupa ndogo, ile laini, ya mwisho mwisho, ambayo nilikuwa namsikia akiitumia peke yake mlango ukiwa umefungwa. Akaifuta kwa shati, akanishikisha upande wa mpini.

"Mama Lusungu, sina wa kumwomba jambo hili. Mtoto akilala, shika hivi vipande jozi kwa jozi, kama unavyoshika kisu ukimenya ndizi. Palipokuzidi mkono, punguza wewe mwenyewe. Usiniulize mimi. Mpaka ukisema kimekaa, ndipo nitagonga ribiti. Utanifanyia?"